Rimoti Uliyonikabidhi

Kanazawa, 14 Mei

Mwalimu wangu Kuramochi,

Shikamoo. Nimefika kwa dada salama. Amenipa chumba cha nyuma ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, na sijalalamika, maana siku hizi sina hamu ya kuona anga.

Siku kumi zimepita tangu ajali ya droni Jumapili ile. Juzi dada alinipa rimoti ya televisheni nipunguze sauti, nikaiangusha. Akacheka, kisha akauona uso wangu, akaiokota mwenyewe.

Kabla sijaondoka Sawatari nilikwenda hospitali kumwona Bi Tokie. Nilimpelekea boksi la keki za maharage mekundu na ile barua ya kuomba radhi uliyoniandikisha siku ileile, tukiwa bado na matope miguuni. Nilimsomea yote: "Kwa uzembe wangu nimevuruga utulivu wa watu wa mji huu. Nainamisha kichwa, na fadhila ya kusamehewa sitaisahau." Nililia kila neno. Nikainama mpaka paji la uso likagusa shuka.

"Wee mtoto, inuka!" akasema. "Aliyevunjika mkono ni mimi, mbona unalia wewe?" Halafu akaniuliza, "Hivi kale kadude kalinifuata mimi, au kalikuwa kamepotea njia?"

Nilimwambia nitakuuliza wewe, Mwalimu. Sijui. Swali lake linanila mpaka leo.

Naandika tena ilivyokuwa, usije ukadhani nakuficha kitu. Mashamba yalikuwa yamejazwa maji ya kupandia mpunga, pakavu hapakuwepo, kwa hiyo kama kawaida tukarushia nyuma ya pikapu yako, juu ya ile spika inayoimba "viazi vya moto" unapouza viazi vya kuchoma mitaani wakati wa baridi. Yule bwana wa ofisi ya mji alikuwa amekuja kutupima kama tunafaa kupiga picha gwaride la watoto mwezi wa saba. Ukaitoa droni yako mwenyewe kwenye sanduku, ukasema mbele ya wote, "Leo arushe Chizuru." Miaka miwili katika klabu ya droni sikuwahi hata kuifuta vumbi! Nilijiona nimekuwa mtu.

Ilipanda vizuri, kama mita kumi. Kisha ikaanza kuzunguka yenyewe, duara dogo, duara kubwa, kubwa zaidi. Nikavuta kijiti cha rimoti irudi kwangu, ikazidi kwenda. Nikaachia mara moja nione kama itasimama, haikusimama. Nikavuta tena. Ikavuka barabara, ikampata Bi Tokie juu ya baiskeli yake ya kuuzia tofu ya soya.

Watu wanasema nilichanganyikiwa. Huenda. Ila vidole vyangu vinakumbuka kwamba vilivuta. Uliniambia klabuni kwetu aliyeshika rimoti huomba radhi kwanza, mashine huangaliwa baadaye. Sasa nimeshaomba radhi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba droni huandika safari yake yote ndani yake. Nakuomba uisome uniambie. Kama ni mimi, nijue ni mimi, na nimwambie Bi Tokie hivyo.

Mwanafunzi wako,
Chizuru

---

Sawatari, 25 Mei

Binti yangu Chizuru,

Maua ya mvua kando ya kituo cha treni yameanza kugeuka buluu, na vyura wa shambani kwa jirani wameshaanzisha kwaya yao. Mimi na magoti yangu tunaendelea kugombana. Kula vizuri huko, dada yako asikulishe supu za pakiti.

Kuhusu mashine, pole, habari si nzuri. Iliangukia kwenye maji ya shamba na kumbukumbu yake imeharibika. Hakuna cha kusoma. Nimeifunga nikaiweka mbali, sitaki hata kuiona.

Nisikilize mimi niliyekula chumvi nyingi. Ulikuwa na wasiwasi, mgeni alikuwa anakutazama, kidole kikateleza. Rubani gani hajawahi? Umeshaomba radhi na umeshasamehewa. Nanunua tofu kwa Bi Tokie kila asubuhi, mkwewe ndiye anauza sasa, na kila asubuhi nawaambia watu waliopanga foleni: mtoto wa watu msimseme. Usianze kufukua. Ukifukua, watakaochafuka ni wengi.

Ukitulia rudi. Kiti chako kipo.

Mwalimu wako,
Kuramochi Yasuhiko

---

Kanazawa, 9 Juni

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara nne na nilianza kulala vizuri. Hata nilikuwa namsimulia dada visa vyako vya ulipokuwa fundi televisheni, kile cha mama aliyeweka spika pembeni ya televisheni mpaka msomaji wa habari akawa na uso wa kijani, ukaisogeza spika tu, ukashangiliwa kama mganga. Dada alicheka mpaka akashika mbavu.

Leo sina kicheko. Imekuja barua kutoka ofisi ya usafiri wa anga. Wananishukuru kwa "taarifa yangu ya tarehe 6 Mei." Mwalimu, mimi sijaandika taarifa yoyote! Wameambatanisha nakala. Inasema: "Rubani alipoteza utulivu, akasukuma kijiti upande usiofaa. Mashine haikuwa na kasoro. Ilirushwa kutoka ardhini, mahali tambarare." Chini kuna jina langu na muhuri wangu, badala ya saini. Wanataka nithibitishe kabla ya tarehe 30 mwezi huu, baada ya hapo jalada linafungwa.

Muhuri ni wangu kweli, ule mdogo wa plastiki niliouacha kwenye droo ya klabu pamoja na ya wenzangu, ili tusisumbuliwe kila daftari la mahudhurio likihitaji kugongwa. Wenye ufunguo wa droo ni wewe na Yokoi fundi baiskeli. Basi ni Yokoi. Mtu huyo tangu zamani ananitazama kama nyanya iliyooza. Lakini kwa nini aandike "ardhini" wakati yeye mwenyewe ndiye aliyetushikia ngazi ya pikapu? Nimeumia, Mwalimu. Mtu achukue jina langu aligonge kama anagonga risiti!

Tafadhali muulize. Nakutegemea wewe tu.

Chizuru

---

Sawatari, 17 Juni

Binti yangu Chizuru,

Mvua haikatiki, na vimulimuli wa kwanza wameshaanza kutokea kando ya mto. Nimeisoma barua yako kwa moyo mzito.

Sipendi kumtaja mtu, tena mtu tunayekunywa naye chai. Yokoi ana haraka ya kuandika, nawe unamjua. Labda alidhani anakusaidia. Nimeshamkanya kwa njia yangu, usimwandikie, utaongeza moto.

Sasa fikiria kwa utulivu. Ukianza kuiambia ofisi habari za pikapu, wataifungia klabu nzima, na watoto tisini watabeba mabegani hekalu lao dogo la sikukuu tarehe 20 Julai bila picha hata moja. Mji umetuamini. Nimeagiza mashine mpya na nitairusha mwenyewe, kutoka palepale nyuma ya pikapu yangu kando ya njia ya gwaride, wala hakutakuwa na tatizo. Kilichoandikwa kimeandikwa, na ukweli wenyewe hauko mbali nacho. Thibitisha tu. Ni saini moja.

Nifanyie hili kama ungemfanyia baba yako.

Mwalimu wako,
Kuramochi Yasuhiko

---

Kanazawa, 20 Juni

Bwana Yokoi,

Mwalimu amenikataza nikuandikie, lakini nimeshindwa kuvumilia. Nilikukosea nini? Uligonga muhuri wangu kwenye uongo, ukanipaka matope, halafu jioni ukaenda dukani kwako kuziba pancha kama kawaida. Ulidhani sitajua? Kama una haya hata kidogo, niambie kwa nini.

Nagase Chizuru

---

Sawatari, 24 Juni

Dada Chizuru,

Mimi si mtu wa barua, nitaandika kama ninavyoongea.

Muhuri wako sijaugusa. Ufunguo wangu wa droo Mzee Kuramochi aliuchukua jioni ya ajali, akasema anataka kupanga makaratasi. Kama amekuambia ni mimi, basi ameniuza na mimi pia. Hajanikanya lolote. Wiki iliyopita aliniletea tikiti maji.

Nilipoisoma barua yako nilikwenda kwake kubadilisha tairi la pikapu, nikachungulia. Droni haikulowa hata tone. Imefungwa gazeti, imo ndani ya lile pipa la kuchomea viazi. Nilichukua kadi yake nikaisoma kwenye kompyuta ya dukani. Nakala iko humu ndani ya bahasha, karatasi tatu. Nakueleza kifundi baiskeli.

Kabla haijapaa, pua ya mashine ilikuwa inatazama mlimani, kaskazini. Dira yake ilikuwa inasema mashariki. Chini yake kulikuwa na spika, ndani ya spika kuna sumaku kubwa kama sahani ya mchuzi. Dira ikadanganyika, mashine ikapaa inaamini uongo. Kila ilipotaka kujisimamisha ilijisukuma upande usio wenyewe, ndiyo yale maduara. Na kijiti chako, Dada: ulivuta. Ulivuta mpaka mwisho sekunde kumi na moja, ukaachia mara moja tu, ukavuta tena. Wewe hukukosea kitu.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Daftari la klabu, ambayo Mzee ndiye mwenyekiti wake, Oktoba: "Droni ya mwenyekiti, upepo." Machi: "Droni ya mwenyekiti, upepo." Siku zote mbili nilikuwepo, hata nyasi hazikutikisika. Zote mbili ilipaa kutoka juu ya spika, ikazunguka, ikakimbia, tukaiokota kwenye mianzi. Hakuna taarifa iliyopelekwa popote. Mwezi Machi nilimwambia mkutanoni, "Mzee, hiyo sumaku itatuua, iteremshe." Akanijibu, "Fundi baiskeli anifundishe sumaku mimi?" Watu wakaangua kicheko. Wewe ulikuwa unaingia na mfuko wa mikate, ukacheka nao.

Nilinyamaza tangu siku ile kwa sababu yeye ndiye aliyenitafutia hili duka. Hilo ni kosa langu na naliandika hapa kwa mkono wangu. Bi Tokie ningeweza kumwepusha.

Klabu nimeacha jana.

Yokoi Masanari

---

Kanazawa, 27 Juni

Mwalimu Kuramochi,

Leo sikusalimii.

Nimesoma kumbukumbu ya safari. Ile uliyosema imelowa. Imekaa pakavu ndani ya pipa lako la viazi wiki saba, na wiki saba mimi nimeshindwa kushika hata kikombe kwa mkono mmoja.

Nilikuwa nikijiuliza kwa nini Mwalimu hajui, kumbe swali lenyewe lilikuwa la kijinga. Wewe! Miaka arobaini unasogeza spika za watu, na sumaku zake, mbali na televisheni zao. Mtu mwingine yeyote katika mji ule angesema hakufikiria habari za sumaku ningemwamini, hata yule bwana wa ofisi ya mji. Wewe ulituvunja mbavu kwa kisa hichohicho. Nilikuandikia mimi mwenyewe tarehe 9 jinsi dada alivyokicheka, na ulipoisoma hukushtuka hata kidogo, ulinijibu habari za mvua.

Umenitoa kafara. Ukachukua jina langu kwenye droo kama mtu anavyochukua kiberiti. Nilipolia kwako ukamsonta Yokoi, na mimi mjinga nikamtukana. Nilipomcheka Machi sikusikia hata alisema nini, nilisikia wewe umejibu, basi ilitosha. Nimeshamwomba msamaha. Unajua inauma wapi? Baba yangu alikufa nikiwa na miaka tisa, unajua hilo, na ukalitumia.

Nimeiandikia ofisi taarifa yangu, ya kwanza na ya kweli: mahali pa kurukia, dira, sekunde kumi na moja, Oktoba, Machi. Nimegonga muhuri wangu mkubwa ulioandikishwa serikalini, ule ambao hauachwi kwenye droo. Wameniambia kwa simu kwamba hakuna ruhusa ya gwaride mpaka mambo haya yaeleweke. Sawatari watanichukia. Wanichukie. Watoto tisini watapita chini ya anga tupu na hakuna mama atakayevunjwa mkono.

Wewe nakutaka ujibu maswali matatu, kwa maandishi.

Moja, mashine iliwekwa wapi?
Mbili, ilikuwa imewahi kukimbia?
Tatu, siku unaniambia "leo arushe Chizuru," ulijua?

Nagase Chizuru

---

Sawatari, 6 Julai

Binti yangu Chizuru,

Mahindi ya jirani yamefika kiunoni na joto limeanza kutuonea wazee. Mvua ikiisha, nyenje hawataturuhusu kusikia hata kengele ya hekalu.

Kwa uzembe wangu nimevuruga utulivu wa watu wa mji huu. Nainamisha kichwa, na fadhila ya kusamehewa sitaisahau.

Kuramochi Yasuhiko

---

Kanazawa, 10 Julai

Mwalimu Kuramochi,

Nimeyajua maneno hayo kabla sijamaliza mstari. Ndiyo yaleyale! Hukubadilisha hata nukta. Mimi niliyasoma nikilia kwenye shuka la Bi Tokie, nikadhani umeyatoa moyoni kwa ajili yangu. Kumbe unayo tayari, kama fomu za posta.

Nimekurudishia karatasi yako. Sijakuuliza kama unajuta. Bi Tokie hakuuliza kama najuta. Ofisi haina hata nafasi ya majuto kwenye fomu yake, nimeitafuta. Wote tunauliza jambo moja: ilikuwaje? Sisi klabuni tuliinama upesi mno, na kichwa kikiwa chini mtu haoni chochote.

Jana nimezungumza na Bi Tokie kwa simu. Nimemwambia kadude kalikuwa kamepotea njia, na kwa nini. Akasema, "Kila asubuhi anakuja kununua tofu kwangu, ananiambia wewe bado mtoto." Tofu hamuuzii tena.

Nitakuambia kitu halafu nimalize. Umenichukulia mengi, lakini kimoja kimebaki na nimekishikilia. Siku ile, mbele ya wote, ulinikabidhi mashine yako mwenyewe. Yote mabaya yalikuja baadaye, ulipoogopa. Lile la mwanzo lilikuwa la kweli, na nitalihifadhi, hata kama wewe sitakuona tena.

Maswali ni yale matatu. Usiniandikie habari za mahindi.

Chizuru

---

Sawatari, 21 Julai

Chizuru,

Jana watoto wamebeba hekalu. Hakuna kilichoruka. Nilikuwa peke yangu nyuma ya pikapu, watu wamepita bila kunisalimu.

Muhuri wako umo ndani ya bahasha hii. Nimeufuta wino.

Moja. Juu ya spika.

Mbili. Oktoba na Machi. Upepo haukuwepo. Nakala ya majibu haya nimeipeleka ofisini kwa mkono wangu.

Tatu. Nilijua. Baada ya Oktoba nilihisi, baada ya Machi nilijua. Kuiondoa spika ilikuwa ni kufungua skrubu nne. Lakini Yokoi alikuwa ameshanena mbele ya watu na mimi nimeshamcheka, ningeifungua angejua nimekubali kwamba alisema kweli. Asubuhi ile bwana wa ofisi ya mji alifika mapema. Nilikuwa na rimoti mkononi. Nikafikiri, ikinikimbia mimi mara ya tatu, mbele yake, nimekwisha. Ikimkimbia mwanafunzi, watasema ni mwanafunzi. Nikatazama nani yupo karibu.

Unalihifadhi lisilokuwepo. Rimoti nilikupa kwa sababu hiyo.

Kuramochi